Aje Akichague Mwenyewe

4 Februari

Mkwe wangu,

Habari za huko na kazi yako ya kutengeneza mafriji? Afya zetu njema, ila kiti cha baba mkwe wako hakina amani. Jana alikikalia akainuka na sindano, na kelele alizopiga, majirani walidhani tumevamiwa.

Mkeo alipofika alisema amekuja kutusalimia. Mimi nimemzaa. Mtu haji kusalimia na masanduku mawili ya vitambaa na mkasi. Nilipombana akasema ulichukua cherehani chake, ukakipeleka kwa fundi viatu, mkabadilishana na lile dude la kushonea soli, bila kumwuliza. Ni kweli? La soli, mwanangu?

Sasa anashona kwa mkono. Ile mifarishi yake unaijua: viraka juu, pamba katikati, bitana chini. Huu wa sasa anaushona kwa hasira, na hauna kipimo. Umeshatoka chumbani, umejaa sebule, unaelekea jikoni. Vitambaa vikimwishia anaanza kuangaza macho huku na huku. Pazia langu la jikoni limekuwa fupi na hakuna anayejua kwa nini.

Nakuandikia akiwa sokoni. Fanya jambo. Simfukuzi mtoto wangu, lakini nataka kuiona sakafu.

Mama mkwe wako

11 Februari

Mama,

Shikamoo. Mwili mzima, kichwa ndicho sina hakika nacho. Mpe baba pole nyingi. Kwa heshima sitataja alipochomwa.

Ni kweli, mama, lakini nisikilize. Kila siku alilalamika kwamba cherehani chake kinakwama kwenye mfarishi na kuruka mishono. Mimi ni mtu wa mashine, nikasema dawa yake ni nguvu. Na lile dude lina nguvu, mama! Siku ya kwanza lilipenya viraka, likapenya pamba, likapenya bitana, likashona na kitambaa cha meza. Alipoinua mfarishi, kitambaa kikainuka nao, na vikombe vyote vikashuka chini.

Nikacheka. Hapo ndipo alipokwenda kutoa masanduku chini ya kitanda.

Cherehani cha zamani hakirudi, fundi viatu amekwishampa binti yake. Lakini niko tayari kumtafutia kingine. Naomba umwulize kijanja anataka cha namna gani, asijue kama ni mimi.

Mkweo

16 Februari

Mkwe wangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Nilimwuliza kijanja kama ulivyosema: "Hivi mtu wa mifarishi huwa anapenda cherehani gani?" Akaniangalia, akasema, "Amekuandikia." Ujanja wetu umeishia hapo. Sasa amesimama nyuma yangu, ananiambia niandike nini.

Anasema nafasi kati ya sindano na shina la cherehani iwe pana, mfarishi uliokunjwa upite. Unapima milango ya friji kila siku, hilo hutashindwa. Tena kiwe na kile kiguu kinachovuta kitambaa cha juu sawasawa na cha chini, la sivyo viraka vinatangulia na bitana inabaki nyuma. Na yale meno ya chini yanayosukuma kitambaa yawe yanashuka, ili auzungushe mfarishi kwa mikono yake anavyotaka. Kisha anasema ukitamka neno nguvu dukani, asije akasikia.

Nimemwambia, shika kalamu umwandikie mwenyewe, mimi vidole vinaniuma. Anasema haongei na wewe. Halafu ameniuliza kama unakula. Nimjibu nini?

Mama mkwe wako

27 Februari

Mama,

Shikamoo. Mwambie nakula mkate. Akiuliza na nini, mwambie na chai.

Nimekwenda dukani na kipande cha mfarishi nilichokikuta nyuma ya kabati, chenye pamba na kila kitu. Muuzaji aliponiona naingiza ngumi chini ya kila cherehani kupima nafasi, alimwita mwenzake aje ashuhudie.

Vilivyobaki ni vitatu. Kimoja kina mishono sitini, na mmojawapo ni wa bata. Kinashona bata, mama, wamejipanga mstari! Lakini ngumi yangu ilikwama. Cha pili nafasi ni pana na meno yanashuka, ila ni kizito kama mtungi wa gesi. Cha tatu kimetumika, kinashona mshono mmoja tu ulionyooka, hakina urembo wowote. Ngumi ilipita, kina meno ya kushuka, kina kile kiguu, na kinapita kwenye pamba bila kelele.

Sikufichi, moyo wangu ulikuwa kwa bata. Mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni. Muuzaji akasema, "Chukua tu bwana, mkeo atafurahi." Nikakumbuka kwamba na mimi nilijiambia hivyohivyo nikiwa kwa fundi viatu. Nikatoa mkono mtupu.

Mama, mimi sichagui tena. Vyote vitatu nimeomba viwekwe. Aje akichague mwenyewe, hata kama akishachagua atarudi nacho huko kwenu. Nyumba imepoa. Juzi niliwasha lile dude nisikie tu kitu kikilia.

Mkweo

4 Machi

Mkwe wangu,

Salamu. Barua yako sikuimaliza, ameninyang'anya. Nikamsikia chumbani anasema, "Bata?" Kisha akacheka mpaka baba yake akaja kuuliza kuna nini. Kisha akafunga mlango, nami sikuingia.

Anakuja Jumamosi. Anasema ni kuangalia cherehani tu, na jioni atarudi. Masanduku ameyaacha hapa kuthibitisha.

Usiongee sana.

Mama mkwe wako

20 Machi

Mkwe wangu,

Mko wazima? Nauliza tu: ile jioni ya Jumamosi, ni Jumamosi ya mwaka gani?

Sakafu naiona. Leo nimeifagia mara mbili, na sikumpata wa kumgombeza. Baba mkwe wako anauliza masanduku tuyatume au tuyakalie. Na hatujaambiwa kimenunuliwa kipi! Mtu unapatanisha watu kwa vidole vyako vinavyouma, halafu habari zinakupita kama jirani.

Mama mkwe wako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo, na utusamehe. Tu wazima sana.

Alivijaribu vyote vitatu, kimoja baada ya kingine, asubuhi nzima. Muuzaji alitupa viti, kisha chai, kisha akatuomba tukafikirie nje. Mimi nilinyamaza kama ulivyoniagiza. Huko nje, juani, akanigeukia: "Wewe unaonaje?"

Mama, nilitaka kulia. Swali lenyewe ni fupi hivyo, na mimi sikuwahi kumwuliza.

Nikasema, bata. Akasema hapana. Akachukua kile cha mshono mmoja. Anasema mstari ulionyooka unamtosha, bata akiwataka atawafuga.

Masanduku yatumeni. Ameanza mfarishi wa kitanda chetu, na umeshakuwa mzito. Ukining'inia pembeni mwa meza unavuta, na mshono unapinda. Kwa hiyo nimepata kazi. Kila jioni nikitoka kwenye mafriji nasimama upande wa pili, nabeba uzito wake. Nimekatazwa kuvuta, nimekatazwa kusukuma, na ushauri nimekatazwa kabisa. Nabeba tu. Yeye anashona anakuja upande wangu.

Hapa naandika kwa mkono mmoja. Anasema nimeanza kuvuta. Naacha.

Mkweo, mshika pindo