Mguu wa Shemeji

Mokowe, Lamu
11 Agosti 1966

Kwa ndugu yangu mkubwa Amini,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Mombasa, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama anakusalimu, magoti yanamuuma kidogo, lakini kisimani anakwenda mwenyewe na hataki kusaidiwa, wamjua. Mahindi ya Kililana yameanza kuvunwa. Nayaacha mahindi hapo, maana najijua: nikianza kuzungukazunguka nitafika mwisho wa karatasi sijasema nililokusudia.

Ni habari ya gari lako. Ulipoondoka uliiacha pikapu uani ikikosa nguvu, ukaniagiza niipime injini hapa nyumbani, ndipo uamue kurudi kuiendesha au kuiuza. Nilifurahi mno. Miaka mitatu nilikaa gereji uliyonitafutia wewe, na watu wa Mokowe wote waniita fundi, nami naitika. Sikuwahi kukwambia kwamba miaka miwili na nusu kati ya hiyo nilikuwa nikiosha plagi kwa petroli. Kupima kompresheni, yaani nguvu ya injini ya kubana hewa, nilikuwa nikitazama tu, kwa mbali, wakubwa wakipima.

Nikaiazima saa ya kupimia kwa dereva mmoja. Kazi ile yataka watu wawili: mmoja aikandamize saa kwenye tundu la plagi, mwingine akae kwenye usukani, apige stata huku amekanyaga mafuta mpaka chini, ili injini ivute hewa ya kutosha. Siku hiyo wanaume walikuwa wamekwenda mazishini katika kijiji cha Hindi. Ningeweza kungoja kesho, lakini nilikuwa na haraka ya kusifiwa. Nikamwomba shemeji, mkeo Bi Mwanamkisi. Akaingia na buibui lake, akatundika kanga mlangoni mwa gari kama ipasavyo, na Mama akakaa kizingitini akichagua mchele ili tusiwe peke yetu. Mimi nikainamia injini. Mguu wa shemeji sikuuona, wala haikunijuzu kuutazama.

Silinda zote nne zikasoma chini, zote sawasawa. Hapo fundi wa kweli angeshtuka, kwa kuwa injini haichakai kwa usawa namna ile. Mimi nikatangaza kwamba imekufa. Nikakuandikia, ukaniruhusu kuiuza, na Mwalimu Phineas, yule mtu wa bara anayesomesha hapa shuleni, akaichukua kwa bei ya chuma chakavu.

Siku ya tatu Mwalimu akapita nayo mbele ya msikiti, imejaa magunia, inapanda mchanga bila kukohoa. Alikuwa amesafisha platini za kuwashia moto, basi. Akaniuliza kwa upole, kama anayesahihisha daftari la mtoto, iwapo nilipopima kulikuwa na mtu aliyekanyaga mafuta. Nikamwambia alikuwapo. Moyoni nilikwisha kujua.

Habari zikakufikia, ukaniandikia kwa hasira. Nami nikakujibu kwamba nilimwambia Bi Mwanamkisi akanyage mafuta mpaka chini, naye kwa makusudi hakukanyaga, kwa sababu tangu mwanzo hakulipenda gari lile, akisema litakutoa nyumbani. Hilo la kutolipenda lilikuwa kweli, ndiyo maana uongo wangu ulipata pa kukaa. Nilidhani utafoka siku mbili tatu yaishe. Kumbe barua yako iliyofuata ilikuwa ya talaka.

Ndugu yangu, sikumwambia akanyage. Nilisahau. Nilimwambia apige stata, naye akapiga kila nilipomwambia, mara nne, miguu ameikunja pembeni asije akagusa kitu akakuharibia. Alilieleza hilo mbele ya wazee na hakuna aliyemwamini, kwa kuwa mimi ndimi fundi. Mama naye akasema, “Mimi nalikuwapo. Nalisikia piga, piga. Sikusikia lingine.” Nikamjibu mamangu mzazi kwamba masikio yake yamezeeka. Akanitazama, akaniambia, “Ndia ya mwongo ni fupi, Madi,” akarudi jikoni.

Naona haya, Amini. Naona haya mtu akiniita fundi, na naona haya zaidi asiponiita. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nami sitaki kungoja kuumbuliwa.

Bi Mwanamkisi bado yumo nyumbani mwako, anakaa eda katika chumba cha nyuma. Nikipita hujifunika na kunisalimu, salamu kamili, na hapo ndipo ninapotamani ardhi inimeze. Eda yake imebaki kama siku kumi na sita. Talaka uliyotoa ni moja. Ukitaka kumrejea, neno lako mbele ya mashahidi wawili latosha. Siku hizo zikipita, itabidi uje kuposa upya kwa baba yake huko Siyu, na sijui atakupokeaje.

Ijumaa nitasimama baada ya sala niwaambie wazee haya haya. Jana niliwasomea Mama na Bi Mwanamkisi barua hii mpaka hapa. Mama alilia. Bi Mwanamkisi hakulia. Aliniomba nikuandikie maneno yake kama alivyoyasema, nisiyapunguze: “Mwambie, Madi ni nduguye, alikuwa na haki ya kumsikiliza. Lakini mimi nimekaa naye miaka saba. Mbona hakuniuliza?”

Swali si langu, nakufikishia wewe.

Barua inaondoka na basi la kesho, lile linalosindikizwa na askari, Mungu alifikishe salama. Mama anakusalimu tena na anakuombea dua. Nami nakusalimu, ukiona bado nastahili kusalimu.

Wasalaam,
Ni mimi nduguyo niliyekukosea,
Madi