Sauti Mbili, Ukuta Mmoja

Ghorofa ya tatu,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa kwenye kiti, umenyoosha mguu kama daktari alivyokuagiza, ingawa nakujua. Goti linaendeleaje? Mkaza mjomba naye hajambo? Sisi huku hatujambo. Mama kikohozi kimempungua, maneno hayajapungua.

Uliulizia kupitia kwake kama bado nimo kwenye mambo ya kamera, na kama ile nafasi ya ofisini kwa rafiki yako nitaichukua. Sikukaa kimya kwa dharau, Mjomba. Nilikuwa na filamu jikoni, nikataka kwanza nijue itaiva au itaungua. Sasa imeshapakuliwa, kwa hiyo nakusimulia.

Asubuhi bado napiga picha za pasipoti pale studio. Ni kazi ya kuchosha kwa mtu asiye mdadisi. Mteja akikaa kwenye kile kigoda, uso unanyooka kama umepigwa pasi. Nikishabonyeza tu, uso wake unarudi. Huwa najiuliza ulikuwa umekwenda wapi.

Siku moja alikuja jirani yetu wa chini, yule tunayemwita Bibi Simu. Alikuwa opereta enzi zile ambazo huwezi kuongea na mji mwingine mpaka mtu akuunganishe kwa mkono. Akanieleza kwamba kule mji wa pili alikuwepo opereta mwenzake, na kwa miaka mingi kila walipokutana zamu waliibia dakika za kupiga soga. Waliambiana habari za waume, za uzazi, za misiba. Hawakuwahi kuonana hata mara moja. Mitambo mipya ilipokuja, wote wawili wakarudishwa nyumbani, wakapotezana.

Nikamuuliza alikuwa akimwona vipi kichwani, mnene au mwembamba, mweupe au mweusi. Akashangaa kabisa. Akasema hajawahi kufikiria, sauti ile ilimtosha. Mjomba, mimi ninayekula kwa nyuso za watu, jibu hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nikampelekea habari rafiki yangu Masikio, fundi redio, ambaye ndiye anayenirekodia sauti. Akaulizia kwenye chama cha wastaafu, huyu akamtuma kwa yule, hadi yule opereta mwenzake Bibi Simu akapatikana, mzima, na ana binti anayeishi mtaa usio mbali na wetu. Akakubali kuja.

Usidhani tulikuwa na vifaa vya maana. Kamera ni simu yangu. Nimeifunga kwenye stendi ya feni iliyokufa. Mwanga tuliurudisha usoni kwa kadibodi tuliyoibandika karatasi ya kung'aa, na kipaza sauti cha Masikio kilikaa ndani ya soksi, kwenye mpini wa ufagio. Bibi Simu alipouona ufagio akauliza kama tumekuja kurekodi au kufanya usafi.

Mgeni akafika. Wakasalimiana vizuri, wakakaa sebuleni kwa Bibi Simu, na hapo mambo yakakwama. Walitazamana kama watu wawili wanaosubiri daktari. Huyu akisifu mapazia, yule anashukuru. Chai ikapoa. Mimi nyuma ya simu najiona nimewafanyia ukatili watu wazima kwa ajili ya udadisi wangu.

Kisha Bibi Simu akainuka bila kuaga, akaingia chumbani. Nikajua amekasirika. Kumbe amevuta kiti, amekiegemeza kwenye ukuta unaotenganisha chumba na sebule. Tukasikia sauti yake, si ile ya siku zote, bali nyororo, ya kazini:

"Kituo hapa. Namba ngapi, tafadhali?"

Mgeni akaweka kikombe chini. Akasogeza kiti chake hadi ukutani, akaupa ukuta mgongo, akafumba macho.

"Laini ilikatika, dada," akasema. "Ulikuwa unasema nini?"

Wakaanza. Vyumba viwili, simu moja. Nikarudi nyuma hadi koridoni, na pale milango yote miwili ikaingia ndani ya picha, wazee wawili wamepeana mgongo, ukuta katikati. Sijawahi kupiga picha nzuri kama ile, wala sikuipanga mimi.

Walipofika kwenye habari ya mtoto wa kwanza wa Bibi Simu, ambaye hakuishi, simu yangu ikajaa. Picha ikakatika. Masikio hakukatika; ufagio uliendelea kunasa kila neno mpaka mwisho. Mimi nilikaa sakafuni nikisikiliza, sina cha kushika.

Kwa hiyo nilibaki na filamu ambayo nusu yake haina picha. Nilijaribu kuziba pengo kwa nyaya, kwa madirisha, kwa picha za zamani. Kila nilichoweka kilikuwa uongo. Masikio akaniambia niache giza. Mama akasema filamu bila picha ni sawa na mchuzi bila chombo. Nikaacha giza, nikaipeleka kwenye ule ukumbi unaoonyesha kazi za vijana.

Kioo cha sinema kilipozimika, mtu mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba umeme umekatika. Kisha sauti zikaendelea. Nikageuka kuona wangapi wameshatoka. Hakuna aliyetoka. Walikuwa wamefumba macho, Mjomba, safu kwa safu, na Mama miongoni mwao, machozi yanamshuka bila kuyafuta.

Msimamizi wa ukumbi ameniomba niwarekodi wastaafu wengine, na ni kazi ya malipo. Si mlima wa dhahabu, na studio sitaiacha. Lakini kwa heshima zote, mshukuru rafiki yako, nafasi ile ampe mwingine anayeitamani. Najua ninakopita ni njia nyembamba. Naomba usininunie.

Bibi Simu na mwenzake sasa wanapigiana kila jioni. Kuonana tena hawana haraka.

Nisalimie mkaza mjomba, mapacha wako wote wawili, na yule dada anayepika hotelini. Masikio anakuamkia. Mungu akulinde njiani na nyumbani, na goti alitie nguvu.

Ukinijibu, niambie jambo moja ninalotamani kulijua. Huko uliko, ukifumba macho, unasikia sauti ya nani?

Mpwa wako akupendaye siku zote,
Kiherehere