Usikubali kupigiwa window

Mjukuu wangu Kabula, mwangaluka. Nisamehe kwa kuchelewa kukujibu. Mtoto anaota meno na hashuki mgongoni. Tu wazima, na Bariadi mvua imekubali. Usicheke kuwa na bibi wa miaka ishirini na saba, ukoo ndio ulionizeesha.

Unasema kompyuta inazimika ovyo, na fundi anataka kupiga window, afute yote aweke upya, wakati ripoti yako ya chuo imo humo. Mkatalie. Nilipokuwa nachapa barua stationari, yetu ilizimika hivyo hivyo. Tuliipiga window mara tatu, tukapoteza mitihani ya shule nzima. Baba, mfugaji wa Lingeka, alipopita kunisalimia akacheka: "Ng'ombe mmoja anakohoa, ninyi mnachinja zizi zima?"

Nikatoa ram moja kati ya mbili, vile vibao vidogo vya kumbukumbu, kompyuta ikatulia kutwa. Nilipoirudisha, ikazimika. Hata mtoto akilia sasa, natafuta sababu moja moja.

Hamishia ripoti kwenye flashi, kisha jaribu ram moja moja. Zikiwa nzima, toa driver uliyoweka mwisho, ile programu ya kuendeshea kifaa.

Ninachosubiri kwako ni picha ya maandishi yanayotokea kioo kikigeuka bluu kabla ya kuzimika, jibu la ram ipi ni mgonjwa, na ile mbeleko uliyoniahidi. Mgongo wangu haupigwi window.