Moto Uliokunywa Maji ya Bomba Letu

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Kama si mimi, kambi yote ya Dzaleka ingekufa na kiu. Mimi njo prezida wa bomba la mtaa wetu, ufunguo iko shingoni mwangu. Leo nimefungua kabla ya jua. Mabidoni ya kuchotea maji yalikuwa kwenye mstari tayari, mpaka kwa fundi cherehani. Maji yanapanda kwa shida, unapampu mpaka bega linalia, bidoni haijajaa. Nikaelezea banamuke vile nilichimba kisima kule kwetu Fizi, Kongo, peke yangu, siku moja. Mama Neema akasema, "Prezida, chimba na hapa basi, tuone." Bakacheka. Banacheka ovyo.

Jumatano, tarehe 8

Nimetoka Lilongwe na mipira mipya ya bomba. Joto la kuua.

Nimepitia shamba ninalokodi, nyuma ya nyumba ya dada yangu Furaha. Mabua ya mahindi yamekauka, yamesimama tu. Nikasema nitachoma. Mwenye shamba, Bambo Phiri, Mmalawi mpole, akakataa. "Achimwene, ndugu yangu, usichome. Yafukie ndani ya matuta, mvua ikija yataoza yawe mbolea. Ukilazimika kuchoma, kwatua kwanza ukanda mtupu kuzunguka shamba, moto usivuke." Nikajibu zikomo, asante ya mdomo tu. Kufukia mabua kama maiti! Kwetu tunachoma. Mi nimechoma milima mizima, na moto ulikuwa unaniuliza njia.

Ijumaa, tarehe 10

Upepo. Furaha amenuna. Nyumba yake ni ya majani juu, na ndani iko mbegu zote za mwaka na cherehani inayolisha batoto. "Kaka, moto ukikuja huku, nitalala wapi na batoto?" Nikamwambia moto naujua tangu tumboni mwa mama.

Ukanda sikukwatua. Kazi ya nini.

Jumamosi, tarehe 11

Nimechoma.

Upepo uligeuka. Mabua yakashika yote pamoja, halafu nyasi za pembeni, halafu moto ukaelekea kwa Furaha, moja kwa moja, kama mgeni aliyealikwa. Nilipiga na tawi. Tawi likashika moto. Niliogopa. Naandika tena: niliogopa sana.

Nikapiga yowe. Bomba haliko mbali. Banamuke bakasikia, bakakuja mbio na mabidoni kichwani, yale yale baliyosimamia tangu alfajiri. Bakamwaga. Maji ya kunywa, maji ya kusonga nsima, yote. Mama Neema alimaliza yake mawili juu ya paa, akalowesha kitenge, akawa anapiga cheche moja moja huku ananitukana. Bambo Phiri akakuja na jembe. Akakwatua ule ukanda, na mi nikashika jembe lingine nyuma yake. Moto ukafika kwenye udongo mtupu, ukazunguka kidogo, ukafa.

Ukuta wa jikoni mweusi. Basi, ni hiyo tu. Furaha mzima. Batoto bazima. Mbegu ziko, cherehani iko. Asante Mungu, asante, asante. Nililia. Nilisema ni moshi.

Jumapili, tarehe 12

Bomba limefunguliwa saa tisa usiku, na mi mwenyewe nimepampu. Kila mwanamuke aliyemwaga, nimemjazia bidoni, hakuna aliyeshika mukono wa bomba. Viganja vimechubuka. "Chapa kazi, prezida!" Mama Neema anasema. "Ile milima uliyochoma, ulizima na mabidoni mangapi?" Nimeendelea kupampu. Alistahili kusema.

Kanisani mchungaji amesimama akasema yowe langu njo liliokoa nyumba. Bantu bakapiga makofi. Furaha ameniangalia, akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana. Nimekula vizuri leo.

Jumanne, tarehe 14

Nimeshinda shambani na Bambo Phiri. Robo ya mabua ilibaki, tunafukia. Anachimba bila kuchoka, mzee huyu. Mgongo wangu umekatika. Furaha alituletea chai, akakaa kivulini mwa nyumba yake, akashona pindo la gauni. Upepo ulipita juu ya jivu, haukupata cha kubeba.

Mtaani bado banasifu sauti yangu. Baache basifu. Ila humu hakuna anayesoma: nilipopiga yowe sikuwa naita mtu. Panya alikuwa anakimbia moto, akaingia kwenye mguu wa suruali yangu, akapanda.