Barua Niliyomwandikia Shangazi

Nyakabanda, Jumatano, 14 Machi 1990

Sijutii nilichokiandika leo.

Shangazi Mwamini yuko njiani kwenda Kenya, peke yake na pikipiki yake. Kadi yake kutoka milima ya Kabale ilisema ameanguka mara mbili matopeni, na mara zote ameiinua mwenyewe. Mwisho wa mwezi atachukua barua zake posta ya Isiolo, ndipo aingie jangwani.

Leo Baba ameamua kwamba dada yake arudi. Baba husoma Kurani, lakini herufi za shule hajui, kwa hiyo barua zote za nyumbani naandika mimi.

"Andika: Mama ni mgonjwa sana, rudi upesi."

Bibi alikuwa anachambua maharage. "Mgonjwa nani?"

"Mama, ni barua tu."

"Basi niandikie ugonjwa wa heshima. Sitaki kuhara."

Baba hakucheka. Aliniambia nimsomee, nikamsomea maneno yake yote kama alivyoyasema. Lakini kwenye karatasi nilikuwa nimeandika: "Shangazi, Bibi ni mzima, anakula kutushinda sote. Ukisikia ni mgonjwa, usiamini. Beba maji ya kutosha. Endelea."

Baba akaifunga bahasha mwenyewe, akaipeleka posta.

Naogopa. Shangazi akipatwa na jambo huko mchangani, mimi ndiye niliyemwambia aende. Hata hivyo nisingeweza kumrudisha kwa uongo.

Siku atakayoniuliza Baba, nitamwambia kweli. Naomba tu asiulize kabla Shangazi hajavuka jangwa.