Buti za Kathini

Kathini mjukuu wangu,

Hujambo, mama? Huku Kayole tu wazima. Anayeniandikia ni jirani yetu Nekesa, na ndiye atakayekuletea buti hizi huko Kanada.

Ulisema kwa simu kwamba viatu vibaya vilikutelezesha kwenye theluji, ukavunjika jino. Nikaenda Kariobangi kukutafutia vizuri. Muuza mitumba akanionyesha vya madoido. "Shosho, hivi ndivyo wasichana wanapenda." Nikamwambia, "Mpelekee mamako." Hizi nilizikunja soli, nikazitia maji, hazikuvuja. Zina manyoya ndani na meno chini. Ni kubwa kidogo, uvae soksi mbili.

Jana mamake mumeo Kiema akaja, akaniambia akicheka kwamba mwanawe alikupiga ngumi, akakufungia nje miguu mitupu. Nilimpiga mama huyo kwa buti ya kushoto mpaka akatoka damu. Hilo doa liache.

Leo asubuhi nimewarudishia mbuzi wa maleo, yule wa kuvunja ndoa, na baba yake Kiema amempokea. Unajua mila yetu Wakamba: akishapokelewa, ndoa imekwisha.

Vaa, funga kamba vizuri, utoke. Akikushika, piga teke. Soli ni ngumu, nimeijaribu.

Uji uko motoni,
Susu yako Ndindi