Vidole Viwili vya Nywele na Tundu la Mgongoni

Mama Apollinarie wa redio, nakusihi barua hii usiiweke chini ya zingine, ifungue ya kwanza, maana mkasi umekwisha kunolewa na mwenye mkasi anakuja Jumapili baada ya ibada!

Mimi ni Josée wa Kiringye, nina miaka ishirini na minne, nalima nyanya pamoja na mama yangu, naimba sauti ya kwanza katika korali yetu, na baada ya wiki saba, Mungu akipenda, naolewa na Ezéchiel, mwalimu wa shule ya msingi, na furaha niliyo nayo siwezi kuieleza, hata nikipalilia nacheka peke yangu mpaka mama ananiuliza nyanya zimeniambia nini.

Shida yangu ni nywele, na tafadhali usicheke. Miaka minne sijazikata, sijazitia dawa ya kulainisha, sijabandika meshi, zile nywele za dukani, hata moja, ni mafuta meusi ya kokwa za mawese tu na uzi wa kusukia, na kila mwisho wa mwezi nashika shungi moja la nyuma, nalivuta hadi linyooke, nalipima kwa uzi mweusi na kufunga fundo pale linapoishia, na uzi huo unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wetu, una mafundo arobaini na kitu, wasichana wa hapa wanakuja kuutazama kama watu wanaokwenda kumwona mtoto mchanga.

Sasa siku moja kwenye mazoezi ya korali, Domitille wa sauti ya pili akasema mbele ya wote kwamba nywele zangu ni za kubandika. Mama, nilisimama, nikavua kitambaa, nikasema, "Mukuje muvute benyewe!" Wakavuta karibu wanivunje shingo, na hazikutoka! Kwa furaha ile nikatamka kwamba siku ya ndoa watazitazama hadi wachoke, na kesho yake nikapanda pikipiki mpaka Uvira kwa fundi Sévère anayenishonea gauni, nikamwambia aliache wazi mgongoni, tundu la umbo la jani, urefu wa shibiri moja, kwa sababu nywele zangu zitalifunika. Mchungaji wetu hataki mgongo wazi kanisani, mwaka jana alimsimamisha bibi arusi mlangoni hadi akafunikwa kitenge cha mama mmoja, kitenge chenye picha za kuku, lakini mimi nilikuwa na uhakika na nywele zangu. Fundi Sévère aliniuliza mara mbili, "Dada, weye iko hakika? Nikikata, haitarudia tena." Nikamwambia kata. Akakata. Nilipolijaribu, nywele zikiwa zimenyooshwa, ncha ziligusa ukingo wa chini wa tundu barabara, nikarukaruka mbele ya kioo, nikahesabu kwamba hizi wiki zilizobaki zitaniongezea kidole kimoja cha akiba.

Basi juzi akaja Charlotte, dada yake Ezéchiel, mwenye saloni pale Uvira, kujaribu mtindo wa siku hiyo. Akashika ncha za nywele, akazipeleka dirishani kwenye mwanga, akapiga ukelele. "Wifi! Ile nywele iko napasuka! Angalia, moja inakuwa mbili, mbili inakuwa ine! Lazima tukate vidole mbili."

"Minye sikati hata kidogo," nikamwambia.

"Kama hukati mbili leo, ile siku ya ndoa utakata ine. Weye tu."

Bibi yangu Pudentienne alikuwa nje anaanika mihogo, akaingia na mikono yake myeupe ya unga, akasema, "Hapana kata! Mutoto mwenye kuolewa akikatwa nywele, bantu batasema iko na matanga. Munataka aingie mu kanisa sawa mufiwa?" Wakaanza kubishana juu ya kichwa changu, mmoja ameshika shungi la kulia, mwingine la kushoto, nami katikati. Nikampigia Ezéchiel simu, akasema nitakuwa mzuri hivyo au vile, na jibu hilo, Mama, halikunisaidia chochote.

Na tena si kwamba nywele zangu ni dhaifu! Zina nguvu ajabu! Tangu mavuno yaanze, miezi mitatu sasa, hata ngata sitafuti tena, nazikusanya zote utosini, nazizungusha, nakalisha beseni la nyanya juu yake moja kwa moja, natembea kutoka shambani hadi barabarani bila kulishika kwa mkono, na wenzangu wananipigia vigelegele. Nywele mbovu zingeweza hivyo? Kitu kimoja tu sikielewi, mafundo matatu ya mwisho kwenye uzi wangu yameangukia karibu mahali pamoja, lakini nafikiri uzi wenyewe umevutika kwa kuning'inia.

Nikikata, tundu litaonekana mbele ya mchungaji na mbele ya Domitille. Nisipokata, Charlotte anasema zitaharibika, naye ndiye anayerudi Jumapili na mkasi. Jumapili inakuja mbio. Nikate au nisikate?

Ni mimi Josée, mwenye nywele zake mwenyewe.

*

Josée binti yangu,

Hongera! Hongera kwa ndoa, hongera kwa Ezéchiel, hongera kwa ile siku ya kusema wavute wenyewe. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena kwa sauti hapa redioni, na kijana wa mitambo alicheka hadi akasahau kuweka wimbo. Wasikilizaji mliosikia kimya kirefu saa nne ile asubuhi, mlaumuni Josée.

Haya, umekwisha kufurahi, sasa nikugombeze. Umeniandikia kurasa nne juu ya mkasi na mistari michache juu ya beseni, na beseni ndilo linalokumaliza. Nywele za arusi umezifanya ngata! Nilipofika hapo nilishika kichwa changu mwenyewe. Mama yako anasokota kitenge chakavu na kukiweka kichwani kila siku ya maisha yake, unadhani ni pambo? Kitenge kile kinasagika ili kichwa kisisagike. Weye umekitupa, ukachukua ncha za nywele, sehemu iliyo kuukuu kuliko zote, yenye miaka minne kamili, ukaziweka chini ya kilo ishirini za nyanya, ukatembea nazo, na kila hatua zilikuwa zinasagwa. Halafu unapigiwa vigelegele na unafurahi. Josée!

Uzi wako pia haukuvutika, usiusingizie. Mafundo yalianza kuangukiana lini? Miezi mitatu. Ngata uliiacha lini? Miezi mitatu. Nywele zinaota juu kama kawaida na zinakatika chini kwa kiasi kilekile, kwa hiyo kile kidole chako cha akiba hakipo, na usipokata hakitakuja. Unywele uliopasuka ncha haujiungi tena, hata uuogeshe kwa mafuta. Mpasuko unapanda juu taratibu, na Charlotte hakutishi bure anapotaja vidole vinne.

Najua ninachosema kwa sababu yalinipata. Nikiwa na umri wako nilifuga nywele, nikamkatalia msusi mwaka mzima, kila akigusa mkasi nafunika kichwa kwa mikono. Mwisho zilikuwa ndefu upande mmoja na zimeliwa upande mwingine, ikabidi zikatwe hadi masikioni. Nililia kwenye kile kiti, mtu mzima na watoto wawili, na watu wa saloni wakajifanya hawanioni. Sitaki ulie hivyo wiki moja kabla ya ndoa yako.

Kwa hiyo kata. Jumapili hii hii. Umwachie Charlotte, na mkasi uwe wa nywele tu, usiwe ule uliotumika kwa vitenge. Azinyooshe kwanza, akate vidole viwili sawasawa pande zote, aishie hapo. Kisha azisuke kwa uzi, ncha zifichwe ndani, na zikae hivyo, uzipumzishe, usizichokonoe kila siku kuangalia kama zimeota. Na ule uzi wa mafundo uushushe msumarini hadi baada ya ndoa, utakutia wazimu.

Bibi Pudentienne, kama unasikiliza, nakusalimu kwa heshima. Hofu yako naielewa, maana aliyefiwa kwetu hunyolewa na watu wote wanajua maana yake. Lakini kwenye matanga tunanyoa kichwa kizima, Bibi. Huyu anapunguziwa vidole viwili, na mgongo wake bado utakuwa na nywele ambazo nusu ya korali inazililia usiku. Naomba umshikie kioo Jumapili, ili watu waone kwamba wewe umekubali.

Sasa tuje kwenye lile tundu, maana najua moyo wako uko huko. Ukikata viwili na kikaota kimoja, siku ya ndoa utapungukiwa kidole kimoja, hesabu yako naijua. Lakini niambie, hata zingefika kiunoni, ulipanga kusimama kama mti siku nzima? Unaolewa Kiringye, kwenye tambarare ya Ruzizi, upepo ule haujawahi kumheshimu bibi arusi. Na korali ikianza wimbo wa kuwatoa kanisani utacheza, usinidanganye, utaruka, nywele ziende kulia, tundu libaki katikati, na kile kitenge cha kuku kiko tayari mstari wa mbele kinakusubiri. Jumatatu panda pikipiki, nenda kwa fundi Sévère. Kukata amekwisha kukata, lakini kushona bado anajua. Atie dantela nyeupe, kile kitambaa cha lesi, kwenye tundu lote, juu hadi chini, na bitana nyepesi nyuma yake. Nywele zitalala juu ya dantela, zitapendeza mara mbili, na mchungaji atafungua kitabu chake bila kukunja uso. Na wewe utacheza bila kushika mgongo.

Domitille naye usimsahau. Zile nywele zitakazokatwa zikusanye kwenye karatasi, umpelekee mazoezini azitazame kwenye mwanga. Meshi ya kiwandani haipasuki ncha namna ile, binti yangu. Nywele za mtu tu, zilizoota miaka minne na kuteswa na beseni, ndizo zinapasuka hivyo. Ulikuwa unaficha ushahidi wako mwenyewe!

Nami nakuja, kwa sababu arusi yenye hadithi kama hii siwezi kukubali kusimuliwa tu. Watu watakuletea sufuria, thermosi na mashuka. Mimi nimekwisha kumpa fundi wangu kazi, ananishonea ngata, nene, pamba ndani na satini nje, rangi nyekundu ya nyanya. Utaipokea mbele ya watu wote, na nitakuvisha mwenyewe. Jumatatu yake, ukienda shambani na ngata hiyo imebaki nyumbani kwenye kabati, nitajua. Nina mashangazi Kiringye.

Mama Apollinarie